Kizunguzungu cha Muuza Magodoro

Mwanangu Aziza,

Kesho asubuhi basi lako la Durban linaondoka Park Station. Leo nimefunga karakana mapema ili nikuandikie nikiwa peke yangu hapa Doornfontein, katikati ya magodoro. Nyumbani haiwezekani. Mama yako ametandaza mabegi sebule nzima, na kila anayepita anapewa kitu cha kukunja. Mambo ya blanketi, sufuria, mafuta ya nywele na watu wa kutofunguliwa mlango, yeye amekwisha kukueleza, na kama kuna alichosahau atakupigia simu kabla basi halijafika kwenye robot ya kwanza, yaani taa za barabarani. Mimi siyarudii hayo. Ninataka kukusimulia ule mwaka niliokuwa naanguka ovyo.

Utasema, "Lakini Papa, nilikuwapo." Ulikuwapo, ndiyo, ila ulikuwa upande wa watazamaji. Hujui ilivyokuwa upande wangu.

Ninajua utaisoma barua hii polepole, midomo ikicheza, maana Kiswahili unakisikia vizuri kuliko unavyokisema. Isome hivyo hivyo. Usimpe mtu akutafsirie, kwa sababu humu ndani kuna habari za wigi.

Ulikuwa darasa la tisa. Kombe la Dunia lilikuwa limepita mwaka uliotangulia, lakini watoto wa ghorofa letu pale Joubert Park walikuwa bado wanapuliza vuvuzela kwenye ngazi. Kazi yetu ilikuwa hii hii: Kasongo anaunda vitanda, mimi nashona magodoro na kuviuza vyote. Kasongo unamjua, ndiye mtu pekee kutoka Lubumbashi mpaka Johannesburg anayepiga randa akiwa amefunga tai. Mimi nilikuwa na mbinu yangu ya kuuza. Mteja akisitasita, navua viatu, nalala chali juu ya godoro, nafumba macho na kukoroma kidogo. Halafu naruka ghafla, wima, napiga makofi na kusema, "Umeona? Nimelala mzee, nimeamka kijana!" Watu walicheka, na anayecheka huwa amekwisha kununua nusu.

Sasa, Jumamosi moja akaingia mama mmoja wa heshima zake, Mzulu, mpana, mtulivu, pamoja na binti yake aliyekuwa karibu kuolewa. Mama akabonyeza godoro kwa kidole kimoja, kama anayeangalia nyama kama imeiva. Nikaona huyu anahitaji kuonyeshwa. Nikalala, nikakoroma, nikaruka.

Karakana ikaondoka. Sijui nikuelezeje. Masikio yalivuma kama jiko la mafuta ya taa, macho yakaingia kiza chenye vimulimuli. Nilinyoosha mkono nishike chochote, na chochote kilichokuwa karibu ni kichwa cha yule mama. Kichwa chenyewe kilibaki mahali pake. Wigi ndiyo iliyonifuata.

Nilipozinduka nilikuwa nimelala juu ya godoro langu na wigi ya mtu kifuani, kama paka. Binti alikuwa ameketi sakafuni akicheka mpaka machozi. Mama alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili na kusema neno moja tu, "Hawu!" Lakini alilisema mara nyingi, na kila mara lilikuwa na maana nyingine. Kasongo, ambaye hakosi neno, alimwinamia akasema, "Pardon, Mama. Patron anapenda wateja kupita kiasi." Patron ndiye mimi, bosi wake.

Hawakununua.

"Niliteleza," nikamwambia Kasongo walipoondoka.

"Uliteleza juu ya nini, patron? Hapa kuna zulia."

Haikuwa mara ya kwanza, mwanangu. Asubuhi nyingi kabla ya hapo nilikuwa nikiinuka kitandani ukuta unanijia, nami naushika kama rafiki wa zamani mpaka unatulia. Mama yako aliniuliza mbona siku hizi nakumbatia kabati. Nikamwambia nalisikiliza kama lina mchwa. Akanunua dawa ya mchwa. Chumba kikanuka mwezi mzima, na kizunguzungu kikapata sababu ya pili.

Hata msikitini kikanifuata. Katika swala ya jamaa nilijikaza nikainuka na wenzangu, nikiona nyota. Lakini katika sunna, ambapo kila mtu yuko peke yake na Mola wake, nikawa nakawia kwenye sijda ya mwisho, paji la uso chini, nikiogopa kuinuka. Watu walimaliza, wakavaa viatu, mimi bado niko chini. Baada ya majuma machache nikaona wananipisha mlangoni. Mzee mmoja Msomali akanishika mkono akaniomba nimwombee mwanawe, aliyekuwa ameshindwa tena mtihani wa leseni ya gari. Nilimwombea, ningefanyaje? Kijana akafaulu. Kuanzia hapo nikaitwa Shehe, na kila mwenye mtoto asiyejua kurudi nyuma na gari akawa ananitafuta mimi.

Wewe ulicheka sana ukisikia naitwa Shehe. Hukujua kwamba Shehe anaogopa kusimama.

Hapa sasa nifike kwenye jambo ambalo sikuwahi kukueleza vizuri. Babu yako, baba yangu, alikuwa mtu mwenye nguvu, msukuma mikokoteni katika soko la Bujumbura. Asubuhi moja aliinuka kutoka mkekani, akasimama, akasema, "Hebu," akaanguka mlangoni. Hakuamka tena. Nilikuwa mdogo kuliko ulivyo wewe leo, na mpaka sasa sijui alitaka kusema hebu nini. Kwa hiyo kila ukuta uliponijia pale Joubert Park, mimi sikuuona ukuta. Nilimwona baba yangu mlangoni, na nikasema moyoni, basi, ni zamu yangu. Na mtu aliyekwisha kuamua kwamba anakufa haendi kuuliza. Anaogopa kuambiwa kuwa ni kweli.

Kasongo yeye alikuwa na jibu lake. "Banakuloga, patron. Ni ule muntu wa magodoro wa barabara ya chini. Anaona biashara yetu inatembea." Akaninyunyizia chumvi kwenye viatu. Mama yako, ambaye nilimdanganya kwamba ni uchovu tu, akasema ni njaa, akanipikia maini na kunipa maji ya kiazisukari chekundu mpaka meno yakawa na rangi ya mtu aliyetoka kupigana. Mimi nilivipokea vyote na kuendelea kujiandaa.

Ndiyo, nilijiandaa. Unakumbuka nilivyokuwa nakuburuta hapa kila Jumamosi nikufundishe kushona ukingo wa godoro kwa sindano ndefu, wewe unanuna, rafiki zako wako mjini? Ulifikiri nimekuwa mkali. Nilikuwa nakurithisha. Na ile suti yangu ya bluu, ya vipande vitatu, niliyoivaa siku nilipomwoa mama yako? Nilimwita Kasongo pembeni nikamwambia kwa sauti ya wasia, "Ndugu yangu, ichukue. Mimi sitaihitaji." Nilitegemea atakataa. Nilitegemea atanishika bega aulize kuna nini. Akaipima mabegani pale pale, akauliza kama kuna na viatu.

Halafu ikaja ile asubuhi niliyochelewa kuamka. Uliita kutoka korido kwamba maji ya bafuni yamekatika. Mimi nikaruka kitandani kama siku zote nije nione. Nilifika mpaka mlangoni. Nakumbuka niliiona kanga ya mama yako ikining'inia, nikaona haina tofauti na kanga nyingine duniani, nikajiuliza kwa nini inapaa. Kisha nikasikia kishindo cha beseni la vyombo, na nikaelewa kwamba aliye ndani ya beseni ni mimi.

Nilipofumbua macho, ulikuwa umepiga magoti juu yangu na sare yako ya shule, kikombe kimoja kimenasa kidoleni mwangu. Hukulia. Ulisema tu, kwa Kiswahili chako kile, "Papa, mimi siendi shule. Wewe unaenda kliniki."

"Niliteleza."

"Papa. Vaa viatu."

Mama yako alikuwa amekwisha kwenda kazini, kwa hiyo hapakuwa na wa kunitetea. Tukaenda. Na kliniki ndipo nilipojua kwamba nimezaa wakili.

Muuguzi aliyetupokea, sista kama wanavyomwita huku, alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alizungumza isiZulu, wewe ukatafsiri.

"Anauliza umeanguka mara ngapi."

"Mwambie sijawahi kuanguka."

Ukamgeukia, ukaongea. Ukaongea tena. Ukanyoosha mikono kuonyesha kitu kipana, ukashika kichwa chako, ukavuta kitu kutoka kichwani mwa mtu asiyekuwapo. Sista akavua miwani akafuta machozi ya kicheko.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia hujawahi kuanguka."

"Maneno yote yale?"

"IsiZulu ni refu, Papa."

Nilikasirika. Niligundua kwamba Kasongo alikuwa amekusimulia habari ya wigi, na pengine alikusimulia akiwa ndani ya suti yangu. Lakini sista alikuwa amekwisha kunilaza. Akanifunga kile kitambaa cha kupima presha mkononi nikiwa nimelala, akaandika. Akaniambia nisimame, akapima tena, akaangalia kipimo, akaniangalia mimi, akanirudisha kitini kabla sijamwangukia na yeye. Presha yangu ilikuwa sawa nikiwa chini, na nilipoinuka ikaporomoka. Akataka kuona dawa ninazotumia.

Unajua kwamba nilikuwa na dawa za presha. Zilikuwa ni za zamani kidogo, za kliniki hiyo hiyo, kidonge kimoja kila asubuhi. Nikazitoa mfukoni. Na kwa kuwa niko mkweli mtu akivaa sare nyeupe, nikatoa na pakiti ya pili. Sista akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, akasema kitu huku amekunja uso.

"Anauliza wewe ni watu wangapi," ukanitafsiria.

Pakiti ya pili ilikuwa ya Kasongo. Naye ana presha. Siku nilipomlalamikia kwamba vidonge vyangu sivisikii vikifanya chochote, alinipa vyake, akasema vyake ni vya nguvu, vya mtu mkubwa. Nikawa nameza changu na chake. Nikamweleza sista kupitia kwako, na safari hii ulitafsiri neno kwa neno, kwa furaha ya kuniumiza. Akauliza kama nakunywa maji. Nikasema sinywi sana mchana, kwa sababu choo cha ghorofa letu la karakana kimeharibika na cha juu kinafungwa na mlinzi mwenye maswali mengi. Joto la Novemba, karakana isiyo na feni, vidonge vya wanaume wawili, na kikombe cha chai ya asubuhi. Sista alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama mtu anayeshangaa nilivyofika pale kwa miguu.

Akaeleza sasa kinachotokea mwilini. Ukatafsiri, "Anasema ukilala damu imetulia. Ukiamka haraka, inashuka miguuni, na inachelewa kupanda kichwani. Anasema ni kama lifti ya ghorofa letu, ukibonyeza lazima usubiri." Mpaka leo naamini lifti uliitia wewe. Sista hajawahi kuiona lifti yetu.

Hapo ndipo nikasema, "Muulize kama ndiyo kitu kilichomuua babu yako."

Hukutafsiri. Uligeuka ukaniangalia mimi. Ulikuwa hujui babu alikufaje, nami nilikuwa nimekwambia kwenye benchi la kliniki, mbele ya mtu mgeni na mizani ya kupimia watoto. Kisha ukamwambia sista, kwa maneno machache, safari hii isiZulu kilikuwa kifupi. Sista aliacha kucheka. Akanishika goti akaniambia mwenyewe, kwa Kiingereza cha polepole ili nielewe bila wewe, kwamba habari za baba yangu hawezi kuzijua, hakuna anayeweza kuzijua sasa. Lakini mimi hapa, akasema, ninaweza kupimwa. Na angenipima.

Walinipima moyo siku ile, wakanipima damu. Daktari akanipunguzia kidonge changu, na cha Kasongo akaamuru kirudi kwa Kasongo. Ninywe maji. Nikiamka, nikae kwanza ukingoni mwa kitanda, nichezeshe miguu, kichwa kikitulia ndipo nisimame nikiwa nimeshika kitu kisichokuwa cha mtu.

Tulirudi kwa miguu. Tulipofika kwenye robot ya karibu na nyumbani, watu wakavuka, wewe hukuvuka.

"Ulifikiri unakufa," ukasema.

"Nilifikiri kidogo."

"Na ukamwambia Kasongo."

"Sikumwambia. Nilimpa suti tu."

"Kasongo suti! Na mimi ulikuwa unaniachia nini?"

"Wewe nilikufundisha kushona ukingo wa godoro."

"Kumbe ndiyo sababu!" Ukanipiga begani kwa mkoba wa shule, ukalia, ukacheka, ukalia tena, na teksi zikapiga honi kwa sababu tulikuwa tumesimama katikati ya watu kama mizigo. Nimeombewa na mashehe na nimetibiwa na daktari, mwanangu, lakini nilipona pale kwenye robot.

Suti sikuipata. Nilimwendea Kasongo nikamweleza kwamba mambo yamebadilika. Akasikitika kwa dhati. "Patron, kitu ya marehemu hairudi."

"Mimi si marehemu!"

"Kwa ile suti," akasema, "we ni marehemu."

Na mbinu yangu ya kuuza ikafa. Nilijaribu kuinuka taratibu mbele ya wateja, nikakaa ukingoni nikisubiri kichwa, na ili kuficha kungoja nikawa nawauliza wao wanalalaje. Aziza, watu hawaulizwi swali hilo! Walikaa kando yangu wakaniambia kila kitu: mgongo, mume anayekoroma, mtoto aliyeondoka, hata usingizi wa kanisani, maana wengine wanaupata huko tu. Kasongo akaja siku moja na randa mkononi akauliza, "Hii ni magasin, duka ya vitanda, ao ni mahali pa kuungama?" Mauzo hayakuongezeka sana, nisikudanganye. Lakini hakuna tena aliyeondoka bila nywele.

Kilichobadilika kilikuwa nyumbani. Miaka yote ya utoto wako niliruka kitandani na kukimbilia Doornfontein kabla hujaamka. Nilikujua kwa viatu vyako mlangoni, kwamba vimekuwa vikubwa. Sasa kila asubuhi nalazimika kukaa ukingoni mwa kitanda, bila kazi, nikisikiliza. Nikasikia birika. Nikasikia mama yako akijiimbia, kumbe anaimba. Nikakusikia wewe bafuni ukibishana kwenye kioo, upande mmoja kwa Kiingereza, upande wa pili kwa isiZulu, ukikatiza, ukijibu, "Objection!" kama wakili anayepinga mahakamani. Yule wa kwenye kioo hakushinda hata siku moja. Nilianza kukaa pale zaidi ya alivyoagiza sista. Kichwa kimekwisha kutulia, na mimi bado nimekaa, nataka kusikia kesi imeishaje.

Ndivyo nilivyosikia pia, mwaka jana, unamwambia mama yako jikoni kwamba umeomba nafasi ya sheria Durban, na mama yako akinong'ona, "Usimwambie baba yako bado, ataanguka."

Nikangoja uje mwenyewe. Nikafanya hata mazoezi ya kushangaa, mbele ya kioo kile kile.

Ukaja hapa karakana na simu mkononi. "Papa, kaa."

"Nimekaa."

"Kaa vizuri."

"Aziza, nimekaa juu ya magodoro matatu."

"Nimepata Durban."

Nikashangaa. Nilikuwa nimejiandaa sana, nikashangaa kupita kiasi: macho, mdomo, mkono kifuani. Wewe ukaona kizunguzungu. Ukanikamata miguu yote miwili ukainyanyua juu kama ulivyofundishwa shuleni, nikaenda chali, Kasongo akaja mbio na ndoo akanimwagia yote usoni. Nilikuwa nimelowa, miguu iko hewani, nikijaribu kusema hongera.

Basi niseme sasa nikiwa mkavu. Hongera, mwanangu.

Sina mengi ya kukuagiza. Nilipoteza karibu mwaka mzima nikiogopa jibu la swali ambalo sikuwa nimeliuliza, nikamsononesha mama yako, nikapoteza na suti. Huko Durban kuna siku utaamka na chumba kitakuzunguka, na huenda isiwe mambo ya damu. Nipigie. Usingoje mpaka uwe na habari nzuri, wala usiniambie umeteleza. Mimi ndiye niliyelianzisha neno hilo, nitalijua hata kwenye simu.

Mama yako amepiga sasa hivi. Anasema niache kazi nije nyumbani, eti umejifungia bafuni unalia, na ukiulizwa unasema ni vitunguu. Bafuni hakuna vitunguu, Aziza.

Ninakuja. Polepole, lakini ninakuja.

Papa